Muuza nyuzi wa Kuopio: meseji zenu kuhusu Minna Canth nimezijibu

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kadogo, kwamba huko Ufini miaka ya 1880 kulikuwa na mama anauza nyuzi na vitambaa dukani, mjane, watoto saba, na bado akawa anaandika tamthilia zilizowatoa watu jasho, jina lake Minna Canth. Nikaishia hapo maana ukurasa ulikuwa umejaa. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika mpaka mhariri kaniambia chukua kurasa zote mbili wajibu, hadithi ya mapishi itasubiri. Haya basi, mapishi mtanisamehe.

Kwanza wale mliouliza anatamkwaje: sema "Kant", hiyo h ya mwisho iache ilale. Na ni jina la mume, kwao aliitwa Ulrika Wilhelmina Johnson.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nina kiduka cha vifaa vya ushonaji hapa Tandika, nyuzi, zipu, vifungo, lastiki, na watoto wanne, nikifunga duka saa mbili usiku mwili wote unauma hata kuandika meseji hii nimelala chali. Nilivosoma eti muuza nyuzi mwenzangu kaandika tamthilia nikasema huyu dada anatudanganya. Alianza na duka akaja kwenye kuandika, au aliandika kwanza?
Mama Zipu, Tandika

JIBU: Marahaba mama, na wala sikudanganyi. Aliandika kwanza, lakini tungo zilizompa jina zilikuja akiwa tayari yuko kaunta.

Yani ni hivi. Kazaliwa tarehe 19 Machi 1844 mji wa Tampere, mji wa viwanda, baba yake alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha pamba cha Finlayson akapanda mpaka usimamizi. Mwaka 1853 kiwanda kikampa baba duka la kuuza nyuzi zake kule Kuopio, mbali kaskazini, familia ikahama. Kwahiyo huyu mtoto kakulia kwenye mabunda ya nyuzi kama watoto wako wanavokulia kwenye maboksi ya zipu. Akasoma, akawa na kichwa, na 1863 Chuo cha Ualimu cha Jyväskylä kikafunguliwa, chuo cha kwanza kule kufundisha ualimu kwa Kifini na kikapokea na wasichana, ye akawa kwenye lile kundi la mwanzo kabisa. Hajamaliza. Mwaka 1865 kaolewa na mwalimu wake wa sayansi, Johan Ferdinand Canth, na ukishaolewa chuo basi. Watoto wakaanza kuja mmoja mmoja.

Alafu mume akapewa kazi ya kuhariri gazeti na Minna akaanza kuandika humo, kuhusu elimu ya wasichana na kuhusu pombe. 1878 kikatoka kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi. Kikundi cha maigizo cha Suomalainen Teatteri kikaja kuzuru Jyväskylä, mama akaenda kuangalia, akatoka pale amepagawa, akasema mi hili naliweza. Akaanza kuandika tamthilia. Na katikati ya hapo, mwaka 1879, mume akafa. Akamwacha na watoto sita na ujauzito wa wa saba.

Hapo mama hebu simama kidogo ufikirie. Mjane wa miaka 35, tumbo kubwa, hana kazi. Akajifungua, akafunga mizigo 1880 akarudi Kuopio, akachukua lile duka la nyuzi la wazazi wake lililokuwa linakata roho, na akalifufua. Duka likasimama. Na nyumba hiyohiyo ya duka ndo akaendelea kuandikia, 1882 tamthilia yake ya kwanza, Murtovarkaus, ikachezwa Helsinki watu wakaipenda sana. Baadae pale kwake pakawa kijiwe, waandishi vijana kama Juhani Aho wanakuja jioni kubishana vitabu, ye kakaa kwenye kiti chake cha kubembea. Ukiniuliza mi, hicho kiti cha kubembea kingekuwa hapo Tandika kingekaa kando ya feni.

SWALI: Dada mi safu yako naisoma kwa sababu mke wangu ndo ananunua gazeti, niseme ukweli. Ila ninyi wafeministi mnanichosha, kila mwanamke akifanikiwa lazima mumewe awe shetani. Huyo mwalimu wa watu alimfanyia nini?
Baba Wawili, Kinondoni

JIBU: Hakumfanyia kitu kaka yangu, na ndo maana nimefurahi umeuliza. Mume wake alimpa gazeti aandike! Miaka ya 1870 hiyo. Na alivyoandika dhidi ya watu wanaogeuza nafaka kuwa pombe kali, wenye gazeti wakakasirika, na mume akapoteza kibarua kwa ajili ya kalamu ya mke wake, 1876. Mwaka uliofuata wakaenda wote kwenye gazeti jingine la Päijänne. Sijasikia kwamba alimgombeza. Na ile hasira yake ya pombe uielewe, hiyo ni nchi iliyotoka kupita kwenye njaa mbaya ya 1866 mpaka 1868, walikufa zaidi ya laki moja, kwahiyo kumwona mtu anachukua nafaka anapika kitu cha kulewesha watu ilikuwa sawasawa na sisi tumwone mtu anapika gongo wakati jirani amelala na njaa siku ya pili.

Sasa nikwambie kilichomuuma Minna, maana watu wengi wanapita hapa bila kuona. Mke kisheria alikuwa chini ya uangalizi wa mume. Hela ya mke, hata aliyoitolea jasho mwenyewe, mwenye kauli ni mume. Msichana ambaye hajaolewa tangu 1864 akifika miaka 25 alikuwa huru na mali zake. Mjane naye huru. Aliyeolewa, hapana. Kwahiyo Minna akiwa na mume mwema mwenye akili kisheria hakuwa na sauti juu ya senti yake, na siku mume mwema anazikwa ndo siku sheria ikamtambua kuwa mtu mzima anayeweza kumiliki duka. Umeona mchezo huo? Akipata mume kama Ferdinand, bahati yake. Akipata mwingine, imekula kwake, na hakuna mahali pa kwenda kulalamika. Ishu haikuwa tabia ya mwanaume fulani, ishu ni kwamba maisha ya mwanamke yalikuwa bahati nasibu.

Msalimie shemeji, mwambie asiache kununua.

SWALI: Dada habari, nasoma chuo hapa mjini, mwalimu wetu wa fasihi aligusia tamthilia ya huyo mama inaitwa Mke wa Mfanyakazi, akasema ilibadilisha sheria. Kweli maigizo yanabadilisha sheria au ni mambo ya kutupa moyo tu sisi wa sanaa?
Mtoto wa Sanaa, Mabibo

JIBU: Yenyewe inaitwa Työmiehen vaimo, ilichezwa mara ya kwanza Januari 1885 Helsinki, na bunge lao la wakati huo lilikuwa limekaa kikao na suala la mali za wanawake walioolewa liko mezani. Hebu fikiria bahati hiyo, wabunge wako mjini.

Stori: Johanna, msichana mchapakazi, amedunduliza akiba yake miaka mingi. Anaolewa na Risto, sura nzuri maneno matamu. Harusi haijapoa Risto anataka ile akiba, na sheria inasema ni haki yake, anaipeleka kilabuni. Johanna anakaa kwenye mtambo wa kufuma afume kitambaa apate hela ya mtoto, Risto anakibeba kitambaa nacho kikawe pombe. Na wale jirani wakubwa, watu wa heshima zao, wanamwambia Johanna vumilia, mume ni kichwa, labda wewe ndo hujui kumtunza. Johanna anakufa, mwili umeisha na moyo umeisha. Kuna na msichana mwingine, Homsantuu, hana kwao, Risto alishamwahidi ndoa kabla akamtelekeza. Mwishoni huyu anachukua bunduki ampige Risto, anamkosa, wanamkamata, na wakati wanamburuta anacheka kicheko kile cha mtu aliyevuka, anasema sheria zenu na haki zenu, hizo ndo nilitakiwa kuzipiga risasi.

Hapo ukumbini, nakuapia, hakuna aliyekohoa. Ok sikuwepo. Ila mji uligawanyika, wengine wanasema mama kaandika ukweli, wengine wanasema mama kaharibu maadili, na kule kwao Kuopio alikuwa na ugomvi wa magazetini na askofu mwenyewe.

Mwaka 1889 sheria ikapita, mke akapewa mamlaka juu ya kipato chake mwenyewe. Sasa tamthilia ndo iliibadilisha? Peke yake, hapana, kulikuwa na watu wanaipigania bungeni, na chama cha kwanza cha wanawake kilishaanzishwa 1884. Lakini mbunge aliyekuwa anaona ile ni karatasi tu, baada ya kumuona Johanna anabaki na mtambo mtupu, karatasi ikawa na sura. Na usidhani iliisha hapo, ule uangalizi wa mume juu ya mke ulibaki mpaka sheria ya ndoa ya 1929. Miaka arobaini mingine! Kwahiyo Mtoto wa Sanaa andika, ila usitarajie kwamba utashangilia wiki ijayo.

Naomba niongeze kitu ambacho sio cha Ufini. Mi nimeshamuona Johanna. Marehemu shangazi yangu aliuza nyuzi Kariakoo mwishoni mwa miaka ya themanini, meza ndogo nje ya duka la mtu, nyuzi za rangi zote amezipanga kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, alikuwa anachukia ukichomoa ya katikati. Hela ya mauzo aliweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mumewe anakuja saa kumi na mbili jioni, hasalimii wateja, anafungua kopo, anachukua bila kuhesabu, anafunika. Kopo lile mfuniko wake ulikuwa unalia, ukilia tu sisi watoto tunaangalia chini. Kwahiyo shangazi akawa na hela ya pili, ile ya kwake, ameifunga fundo kwenye pindo la kanga, na ile kanga haivui, analala nayo, akienda kuoga anaitundika mahali anapoiona. Siku moja nikamuuliza kwa nini asimkatalie tu, akaniangalia kama nimetukana. Akasema, "Mwanangu, ye ndo baba mwenye nyumba." Basi.

Na kisheria shangazi alikuwa amekosea! Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishasema siku nyingi kwamba kuoana hakuifanyi mali ya mke iwe ya mume, kila mtu na chake, na nyumba mnayoishi kama familia mmoja hawezi kuiuza kimyakimya bila mwenzake kukubali. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, hapahapa Dar, kwenye kesi ya Bi Hawa na Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu maana mahakama ilisema alishapewa hela na mumewe akazitumia vibaya, lakini mlango aliufungua kwa wengine wote. Shangazi alikuwa na sheria nzuri kuliko Johanna, alikosa mtu wa kumwambia tu. Wenye Johanna zao huko mtaani, TAWLA wanasheria wanawake wanatoa msaada wa kisheria, pelekeni watu.

SWALI: Huyo mama kwa jinsi unavomsifia hawajawahi kumfungia kazi? Maana hapa ukigusa kidogo tu unaitwa.
Mdau, Mbagala

JIBU: Walimfungia, na nusura wamkate miguu. Mwaka 1888 akaleta Kovan onnen lapsia, yani watoto wa bahati mbaya hivi, vibarua fukara wamekosa kazi, njaa, mmoja anaona bora kuiba kuliko kufa. Ikachezwa usiku mmoja. Mmoja! Kesho yake uongozi wa ukumbi ukaitoa. Waheshimiwa waliokuwa wanapiga makofi alivyoonewa Johanna walishtuka kuona safari hii wanaolaumiwa ni wao wenye vyeo na mali. Wewe mwenyewe unajua, kumlaumu mlevi wa kilabuni kila mtu anashangilia, mguse tajiri uone.

Mwaka uliofuata akaanzisha jarida lake, Vapaita aatteita, maana yake mawazo huru, akiwa na mwenzie A. B. Mäkelä. Halikuishi sana, lilikufa 1890. Akaendelea na duka, maana duka halimfungii mtu kwa sababu ya mawazo yake. Hiki ndo kitu ninachompendea kuliko vyote, kwamba hakuwa na bosi. Uongozi wa ukumbi unafunga tamthilia asubuhi, mchana mteja anataka nyuzi, jioni watoto wamekula. Waandishi wangapi wa kiume wa wakati ule walikuwa wanategemea ruzuku na mfadhili wakawa wapole? Baadae akaandika Sylvi, mke kijana aliyemuua mumewe kwa sumu, hiyo akaiandika kwa Kiswidi ichezwe kwenye ukumbi wa Waswidi wa Helsinki, 1893. Ukimfungia mlango huu anazunguka.

SWALI: Dada, mimi nina miaka 19, nilipata mtoto nikiwa kidato cha tatu. Rafiki yangu kanisimulia juu juu tamthilia ya Anna Liisa, nikalia hata sikujua nalia nini. Naomba unisimulie yote.
Binti, Ubungo

JIBU: Mdogo wangu, asante kwa kuniandikia. Nakusimulia, ila kuna sehemu inauma, kama leo sio siku nzuri iache, utasoma kesho.

Anna Liisa ni ya 1895, karibu ya mwisho kabisa kuandika. Binti wa nyumba nzuri ya wakulima, amechumbiwa na Johannes, kijana mstaarabu, tangazo la ndoa limeshakaribia. Lakini miaka minne nyuma, akiwa na miaka 15, alipata ujauzito kwa Mikko, kijana wa kazi pale kwao. Akaficha. Akajifungua peke yake, kwa hofu akamziba mtoto pumzi, mama yake Mikko, anaitwa Husso, akaenda kumzika msituni. Kimya miaka minne. Sasa Mikko karudi, ana vijisenti vyake, anasema Anna Liisa ni wangu, ukikataa naanika. Na Husso anamsukuma. Kila mtu pale anamtafutia Anna Liisa njia ya kuficha, hata wazazi wake wakishajua. Ye anasimama mbele ya watu waliokuja kwenye sherehe, anasema mwenyewe. Nilimuua mtoto wangu. Na akishasema ile kamba ya Mikko inakatika, hana tena cha kumshikia, na Anna Liisa anaondoka kwenda kwenye adhabu yake akiwa ametulia kuliko watu wote jukwaani.

Wasomi wanapenda kusema hapo Minna alikuwa amemsoma sana Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi, mambo ya kukiri na dhamiri, sawa, ipo. Lakini mi nikiisoma naona kitu kingine, naona kwamba huyo Mikko hakuna anayemuuliza kitu. Mtoto alikuwa wa wawili. Anayepelekwa ni mmoja.

Na wewe hukufanya alichofanya Anna Liisa, wewe umemlea mwanao, kwahiyo usijiweke kwenye kiti chake. Serikali tangu Novemba 2021 imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, kama hapo ulipo kuna mwalimu anakwambia haiwezekani, mwambie kwa adabu akaulize tena. Tena umri wako bado mdogo mno. Niandikie umefikia wapi, usiogope kunisumbua.

SWALI: Bibie, mimi ni mzee wa Magomeni, nimestaafu ualimu. Nimesoma toleo lililopita, nikajiuliza, lazima twende mpaka kwenye barafu? Waswahili hatukuwa na wanawake wanaoandika?
Mwalimu Mstaafu

JIBU: Shikamoo mwalimu. Umenibana pazuri. Tulikuwa nao, tena mapema. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, wakati huo Minna ni kasichana ka miaka 14 Kuopio hajaandika kitu. Ila mwalimu utakubaliana nami kwamba hawa wawili wangekaa baraza moja wangebishana mpaka adhana ya alfajiri. Mwana Kupona anamfundisha binti jinsi ya kuishi vizuri ndani ya nyumba ile ilivyo, radhi ya mume, usafi, adabu, na maskini mwenyewe alikuwa anaumwa anajua anaondoka, anamwachia mwanae silaha pekee aliyoijua. Minna anauliza nyumba ile nani kaijenga na kwa nini mlango una kufuli upande mmoja. Mi siwezi kusema mmoja alikuwa na akili kuliko mwingine. Wote walikuwa wajane wanaoandika.

Na kama ni jukwaa, Penina Muhando alishatuandikia Nguzo Mama 1982, wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo na kila mmoja ana sababu ya kuiachia. Hiyo hata Minna angelipa tiketi.

Ila barafu nayo mwalimu usiitupe, hao Ufini sio wageni sana kwetu, pale Kibaha lile shirika la elimu lilipoanzishwa 1963 ni nchi za Nordiki zilichangia na wao wakiwemo. Alafu kuna kitu wanachofanana na sisi. Ufini ya Minna ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi tangu 1809, na kabla ya hapo ilikuwa ya Uswidi, na mtu aliyesoma alizungumza Kiswidi, Kifini kikaonekana lugha ya wakulima na watu wa jikoni. Kuandika tamthilia kwa Kifini, ukaweka mama wa kufua nguo jukwaani anasema shida zake kwa lugha ya jikoni, hilo lenyewe lilikuwa jambo. Sisi tuliosomeshwa kwamba mambo mazito yanasemwa kwa Kiingereza tunaelewa bila kufafanuliwa.

SWALI: Aliishia wapi? Na je wanamkumbuka au wamemsahau kama kawaida?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Alifariki Kuopio tarehe 12 Mei 1897, moyo, ana miaka 53. Hakuona wanawake wa kwao wanapata kura. Hiyo ilikuja 1906, na sio kura tu, mpaka kugombea, na 1907 wakaingia bungeni wanawake 19 kwa mpigo katika wabunge 200, wa kwanza duniani.

Kumkumbuka wanamkumbuka. Ana sanamu Kuopio, Tampere na Jyväskylä, yani kila mji aliopita. Na siku yake ya kuzaliwa, 19 Machi, bendera ya taifa inapandishwa nchi nzima, wanaiita siku ya Minna Canth na ya usawa, tangu 2007, ni mwanamke wa kwanza kupewa siku ya bendera kule. Kuna neno lake wanalirudia sana siku hiyo, kwamba suala la wanawake si la wanawake tu, ni la binadamu wote. Zuri. Ila mimi nikiambiwa nichague nani wa kusimamishiwa sanamu kwenye kazi zake nitamchagua Lopo, kwenye hadithi yake ya 1889, mama mchuuzi mwenye sura mbaya, mlevi, mdokozi, jela anaijua, na ana roho nzuri kuwashinda mabibi wote waliomkunjia pua. Kina Lopo wamejaa soko la Karume pale asubuhi saa kumi na mbili wanagombea beli za mitumba.

Meseji zilizobaki toleo lijalo, tafadhali msinitumie mashairi ya kurasa nne kwenye simu.

Mama Zipu, Jumamosi napita Tandika, nina gauni limekaa mwezi mzima linasubiri zipu nyeusi ya inchi ishirini na mbili, ile ya kujificha. Niwekee na nyuzi zake. Mzee akiwepo kaunta nitamsalimia vizuri sana, ila hela nakusubiri wewe utoke.